Deraya ya mpinzani wako iingie kwenye hesabu ya pointi?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ohio, Marekani. Nimejiunga na kikundi cha watu 14 wanaoigiza mapigano ya Ulaya ya zama za kati. Tunatumia panga za henzirani, yaani za fimbo badala ya chuma, na tunafuata kanuni za SCA (Society for Creative Anachronism), chama cha waigizaji wa zama hizo. Mwenzetu mmoja amenunua deraya kamili ya mabamba ya chuma, na sasa anasema pigo la upanga likimpata ubavuni lisihesabiwe kwa sababu upanga wa kweli usingepenya. Mimi navaa fulana ya pete za chuma juu ya koti la pamba, na pete zenyewe hazina ribiti (misumari midogo ya kufunga ncha zake). Je, deraya anayovaa mtu ibadilishe hesabu? Na hizi pete zangu zichukuliwe vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kanuni mnazozifuata leo pigo lile linahesabiwa, na mwenzako anapaswa kuanguka kama wengine. Hilo halina mjadala. Lakini hoja yake si ya kipuuzi, na ukimjibu kwa "kanuni ndivyo zinavyosema" atarudi nayo wiki ijayo. Afadhali muielewe wote.

Kwanza maneno, tusije tukapishana. Nikisema deraya nina maana ya vazi zima la kujikinga. Dirii ni ile ya kifuani na chapeo ni ya kichwani, kama wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanavyozijua. Gambisoni ni koti nene la pamba au kitani lililoshonwa tabaka kwa tabaka, linalovaliwa peke yake au chini ya chuma.

SCA, chama kilichoanzia Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, hulimaliza shauri hili kwa kudhania. Kila anayeingia uwanjani huchukuliwa kuwa amevaa deraya ya aina moja: vazi la pete za chuma juu ya gambisoni, ngozi iliyochemshwa ikawa ngumu kwenye mikono na miguu, na chapeo iliyo wazi usoni yenye ulimi wa chuma unaokinga pua. Uwe umevaa plastiki chini ya kanzu au mabamba yanayong'aa kuanzia shingoni hadi vidoleni, mbele ya hesabu mko sawa. Pigo zuri ni lile ambalo lingemwangusha mtu aliyevaa hivyo vya kudhaniwa. Usoni mchomo mwepesi zaidi unatosha, kwa kuwa uso unadhaniwa uko wazi au una kinga hafifu tu. Na anayeamua kama pigo lilikuwa zuri ni yule aliyepigwa.

Hapo kwenye neno la mwisho ndipo ugomvi wenu ulipozaliwa.

Pigo la henzirani likitua kwenye ubavu wenye gambisoni, nguvu yake inakusanyika mahali padogo, na ngozi inatoa taarifa mara moja. Pigo hilohilo likitua kwenye dirii ya bamba la milimita 1.5 au 2 linasambaa. Dirii iliyotengenezwa vizuri inakaa kiunoni na mabegani, na juu ya mbavu kuna nafasi ya hewa, kwa hiyo mtu anasikia mlio na kusukumwa kidogo tu. Chapeo nayo ni vivyo hivyo: ya kilo 4 inatikisika kidogo kuliko ya kilo 2.5 kwa pigo lilelile. Kanuni inasema deraya halisi isihesabiwe, lakini kipimo chenyewe ni mwili uliomo ndani ya deraya hiyo. Basi deraya huwa inaingia kwenye hesabu hata pale ilipokatazwa. Inapita mlango wa nyuma. Mwenzako kinachomtofautisha ni kwamba ametaka kuipitisha mlango wa mbele.

Mlango wa nyuma unafungwa kwa kupima mapigo, kazi ya dakika kumi tu kabla ya mazoezi. Mnahitaji watu watatu: mpigaji, mpigwaji, na msikilizaji aliyesimama mita 3 pembeni. Mpigaji atoe mapigo 5 ubavuni, 5 pajani na 5 pembeni mwa chapeo, akianza na dhaifu na kupandisha kidogo kidogo hadi kufikia nguvu ya kawaida ya pambano, asizidishe hapo. Baada ya kila pigo kila mmoja aonyeshe kwa kidole, bila kusema: juu ni zuri, chini ni hafifu. Pale ambapo mpigaji na msikilizaji wanaonyesha juu na mwenye mabamba anaonyesha chini, hapo ndipo deraya inapomdanganya. Atajifunza kusoma dalili nyingine: mlio mkavu wa makali dhidi ya mlio uliosambaa wa ubapa, dirii inavyohama mabegani, kiwiliwili kinavyosukumwa. Bandikeni mkanda wa rangi nyingine kwenye upande wa makali wa kila upanga, maana nusu ya ubishi wa "hilo lilikuwa bapa" unaishia hapo. Akibadilisha koti la ndani, apimwe upya. Asipunguze pamba ili asikie vizuri zaidi. Wapo wanaofanya hivyo, na wanachopata ni mbavu zilizochubuka.

Wengi hufikiri dawa ni mpinzani kuongeza nguvu. Hiyo ni hatari, na katika shauri hili lote ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Anayezoea kupiga kwa nguvu ili mwenye mabamba akubali, siku inayofuata anakutana na wewe mwenye pete na pamba, na mkono wake umeshazoea. Deraya ya mmoja inalipiwa na mbavu za mwingine. Kanuni yoyote ya deraya mtakayoitunga isije ikasema "piga kwa nguvu zaidi". Iseme "piga tena" au "piga mahali pengine".

Sasa historia, kwa sababu mwenzako anaitegemea. Ni kweli kwamba mkato wa upanga haupasui bamba. Ila mkato haupasui kwa urahisi hata pete zilizofungwa kwa ribiti juu ya gambisoni. Unaweza kuvunja mfupa au kumzubaisha mtu, lakini kumkata nyama ni kazi nyingine. Maana yake ni kwamba deraya ya kudhaniwa ya SCA tayari imeupendelea upanga. Akitaka historia iingie, isiingie kwa mwenye mabamba peke yake. Wewe mwenye pete ungedai msamaha huohuo, na mwenye gambisoni nene naye angedai wake, na ikifika saa kumi hakuna aliyekufa.

Tena mabamba yalikuwa na gharama yake. Walimu wa upanga wa karne ya 15, kina Fiore dei Liberi wa Italia na wale wa mapokeo ya mwalimu Liechtenauer katika nchi za Kijerumani, hawakumfundisha mtu kukata mabamba. Walifundisha kushika upanga kwa mkono mmoja kwenye mpini na wa pili katikati ya upapi, kisha kuchoma penye mwanya: usoni, kwapani, mkunjo wa kiwiko, ndani ya kiganja, nyuma ya goti, kinenani. Walifundisha kuugeuza upanga na kupiga kwa kitako chake, kumwangusha mpinzani kwa mieleka, na kummalizia chini kwa jambia. Shoka la mpini mrefu, lenye nyundo upande mmoja na ncha juu, lilipendwa mno kwa kazi hiyo.

Angalia kanuni zenu zimefunga nini kati ya hayo. Kupiga mkono kuanzia kifundo, hairuhusiwi. Kuanzia inchi moja juu ya goti kwenda chini, hairuhusiwi. Mieleka, hairuhusiwi. Kwa hiyo kiganja, nyuma ya goti na kuangushwa, njia tatu kati ya zile zilizomtisha mwenye mabamba wa mwaka 1450, zimezibwa kwa ajili ya usalama, na ni sawa kuzibwa. Lakini ukishazifunga halafu ukampa kinga kamili ya mkato, umempa faida ya mabamba bila hasara yake. Kosa la hoja ya mwenzako liko hapo hasa.

Wengine wameamua vingine, na kila uamuzi unaendana na silaha zao.

Kwenye buhurti, yale mapambano ya chuma kwa chuma ambayo mashindano yake ya Battle of the Nations yalifanyika mara ya kwanza mwaka 2010 huko Khotyn, Ukraini, deraya haiandikwi pointi yoyote. Inafanya kazi yenyewe. Katika mapambano ya vikundi, mtu hutoka akigusa ardhi kwa kiungo cha tatu, yaani zaidi ya nyayo zake mbili. Ukivaa nzito unavumilia mapigo lakini unachoka na ni vigumu kujizuia usianguke. Ukivaa nyepesi ni kinyume chake. Hakuna wa kubishana naye, kwa sababu ardhi haidanganyi. Huo ndio mfumo safi kuliko yote, ila hauwezi kuhamishiwa kwenye henzirani na watu wenye vikinga vya ngozi.

Kwenye michezo ya silaha za sponji, kama Dagorhir iliyoanza Marekani mwaka 1977, deraya humwongezea mvaaji pigo moja pale ilipofunika. Inawezekana kwao kwa kuwa sponji haihitaji kupimwa nguvu sana: imegusa vizuri au haikugusa. Hasara yake ni mbili. Katika vurugu ya watu ishirini, kumbukumbu ya "hili ni la kwanza au la pili?" hupotea, na hupotea kwa faida ya aliyepigwa. Na watu huanza kununua kile kinachotimiza sharti kwa bei ndogo, siyo kile kinachofanana na zama wanazoziigiza.

Wanaofanya Harnischfechten, mapigano ya deraya kwa mbinu za wale walimu wa karne ya 15, huhesabu mianya tu. Mkato kwenye bamba ni sifuri, mchomo kwapani ni pointi, kumwangusha na kumdhibiti ni pointi. Lakini wote wawili wamevaa mabamba. Hakuna anayemleta mwenye fulana ya pete mbele ya mwenye mabamba halafu aseme tutapatana kwenye hesabu.

Nao watu wa zama hizo wenyewe? Mwaka 1466 John Tiptoft, Earl wa Worcester, aliandika kanuni za mchezo wa mikuki juu ya farasi kwa amri ya Mfalme Edward IV wa Uingereza. Kuvunja mkuki kati ya tandiko na ile bawaba iliyofunga chapeo kwenye dirii kulihesabiwa mkuki mmoja. Kuuvunja kuanzia kwenye bawaba kwenda juu, miwili. Kumtoa mpinzani kwenye tandiko, au kumvua silaha kiasi kwamba hawezi kukimbia mzunguko unaofuata, mitatu. Ukimpiga farasi, zawadi huna. Mkuki uliovunjika ndani ya futi moja kutoka kwenye ncha haukuhesabiwa kuwa umevunjika. Ona jinsi deraya ilivyotumika: ile bawaba ni mstari wa kupimia, kama mstari wa goli. Kanuni hizo hazimpunguzii mtu adhabu kwa kuwa kavaa chuma kinene. Wajerumani nao walikuwa na shindano la marungu ambamo shabaha ilikuwa pambo lililokaa juu ya chapeo. Ukilibomoa pambo, umeshinda, na unene wa chuma cha chini yake haukuwa na habari.

Mimi naufuata mwelekeo huo: deraya ionyeshe mahali pa kupiga, isigeuke kuwa fedha ya kununulia uhai.

Pamoja na hayo, kanuni za SCA zenyewe zinaruhusu shindano maalumu lenye dhana tofauti ya deraya, mradi washiriki wote wamejulishwa na kukubali kabla ya pambano. (Wapiganaji wake wa panga nyembamba za kuchoma hudhaniwa kuwa wamevaa nguo za kiraia tu, kwa hiyo dhana ni kitu cha kuchagua, haikushuka kutoka mbinguni.) Basi badala ya kubishana, fanyeni jaribio. Ningelipanga hivi.

Tangazeni wiki mbili kabla, kwa maandishi, ukurasa mmoja. Chapeo isiingie kwenye hesabu kabisa: kila mtu anayo, kanuni imeshaweka chuma cha milimita 1.6 kuwa kima cha chini, na kichwa ndiyo sehemu ambayo hamtaki mtu ashawishike kuipiga mara mbili. Vikinga vya magoti, viwiko na figo visihesabiwe pia, kwa sababu ni lazima kwa wote. Plastiki iliyofichwa ni ya usalama tu. Kwa hesabu ya siku hiyo mtu huyo amevaa nguo.

Yabaki maeneo matano: kiwiliwili, mikono miwili, mapaja mawili. Na madaraja mawili tu, bamba na lisilo bamba. Watu wa historia watalalamika kwamba mmeziweka pete na pamba kapu moja. Waacheni walalamike. Refa aliyesimama mita 5 hawezi kujua chini ya kanzu ya juu kuna pete au hakuna, na kanuni ambayo refa hawezi kuiona inarudi kuwa neno la aliyepigwa. Penye bamba fungeni utepe wa rangi wenye upana wa sentimita 5, ili mpinzani naye ajue kabla ya kupiga.

Hesabu yenyewe: mkato wa upanga kwenye eneo lisilo bamba, pigo 1 linatosha. Kwenye bamba, mapigo 2 eneo lilelile. Silaha ya kichwa kizito, kama shoka la mpini mrefu au nyundo, pigo 1 kote. Upanga wa mikono miwili unabaki kuwa upanga. Kuchoma kwenye bamba hakuhesabiwi, lakini kuchoma kwapani au kwenye mkunjo wa kiwiko kunahesabiwa papo hapo, na uso unabaki kama kawaida yenu. Aliyepigwa pigo la kwanza la bamba aseme kwa sauti "moja". Asiposema ndani ya sekunde mbili na marefa wote wawili wameliona, wao ndio waseme. Bila sauti hiyo mtapoteza hesabu ifikapo pambano la tatu.

Pambano liwe la sekunde 90. Muda ukiisha bila mshindi, anashinda mwenye deraya nyepesi. Hii si huruma. Mabamba kamili ya vitani yalikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, na gharama yake ilikuwa jasho na pumzi, vitu ambavyo sekunde 90 hazitoshi kuvidai. Sharti hili linamlazimisha mwenye mabamba kushambulia badala ya kusimama na kupokea.

Kwa kuwa mwenye mabamba kamili ni mmoja, msipange watu 14 wawiliwawili. Mtapata pambano moja la maana. Yeye akutane na watu 6, kila mmoja mara mbili: mara moja kwa dhana ya kawaida na mara moja kwa hesabu mpya. Hayo ni mapambano 12. Yagawe siku mbili, 6 kila siku, na mapumziko ya dakika 3 au zaidi katikati. Wapinzani watatu waanze na dhana ya kawaida, watatu na hesabu mpya. La sivyo mfumo mmoja utakutana na mtu aliyechoka kila mara na mtadhani mmepima kanuni kumbe mmepima mapafu. Andikeni mambo matatu: nani kashinda, mabishano mangapi, na nani katoka na mchubuko.

Yatakayoharibika nayaona tangu sasa. Mkanda wa bamba utakatika na bamba litaning'inia. Simamisheni, fungeni, endeleeni. Msitoe pointi kwa hilo, maana watu wataanza kulenga vifungo. Mtu atafunga kipande cha bati pajani na kudai ni bamba. Kipimo kiwe umbo na ufungaji: kimepindwa kufuata paja, kina mkanda juu na chini, hakina kona kali. Kwenye mapambano ya zaidi ya watatu kwa watatu hesabu ya mapigo mawili itavunjika, kwa hiyo huko bakini na dhana ya kawaida. Na michubuko ya wenye pete ikiongezeka siku ya pili, acheni jaribio hapo hapo, maana watu wameanza kuongeza nguvu.

Kuhusu pete zako. Pete zisizo na ribiti, ambazo ncha zake zimekutanishwa tu, si zile za vita vya Ulaya. Zile zilifungwa kwa ribiti, mara nyingi zikichanganywa na pete nzima zisizo na mwanya. Ncha ya upanga ingezifungua zako. Kwa hesabu haikuathiri kitu, kwa dhana ya kawaida wala kwa jaribio nililoeleza, kwa kuwa pete zimewekwa daraja moja na nguo. Kinachokuathiri ni matunzo. Baada ya kila siku ya mapambano itandaze fulana mezani, kagua mabega, makwapa na pindo, na kila pete iliyofunguka ifunge kwa koleo mbili, ukizungusha ncha pembeni kwanza halafu ukizirudisha zikutane. Usizibane moja kwa moja, zitabaki na umbo la yai na kufunguka tena. Ncha iliyoachwa wazi inachana mkanda wa upanga wa mwenzako na kula kitambaa cha gambisoni yako. Kikishachanika kwapani, hapo ndipo henzirani itakapokufikia kweli.